Uso wa Udongo

27 Januari, Mbalibali

Tumefika na vumbi mpaka kwenye kope. Mahema yamesimama chini ya kilima, na juu yetu, ubavuni, ndipo lilipo pango. Naliita pango kwa kuwa wenyeji wanaliita hivyo; kwa kweli ni mwamba mkubwa uliojitokeza kama baraza, na chini yake kuna udongo mkavu ambao mvua haiufikii. Dkt. Werema ameukanyaga kwa soli ya buti akacheka peke yake. Mwaka juzi alichimba hapa shimo dogo la majaribio. Juu alipata vigae vya vyungu vya kale, na chini ya vigae akapata majivu, mifupa ya swala na vipande vya mawe yaliyochongwa, bila kigae hata kimoja.

"Frida," akaniambia, "hapa chini wamelala watu ambao hawakujua chungu ni kitu gani."

Mimi ndiye nitakayeshughulika na mifupa, tukiipata. Nimezaliwa Mugumu, wilaya hii hii, lakini kazi ya mifupa nilijifunzia mbali sana, Chile, kwenye jangwa lililo chini ya milima ya Andes. Daktari hapendi sana nilivyoanza kulitaja jina la Chile kila saa. Nitajizuia.

Tuna muda mpaka masika. Mvua ikishika, barabara ya kuja huku inakuwa uji.

28 Januari

Joto. Nzi. Kamba zimefungwa, miraba imepimwa.

31 Januari

Wanakijiji tuliowaajiri wameanza. Mzee Simioni ni mlinzi, atabaki pangoni tukishuka kambini. Wanawake wanachekecha udongo. Wanacheka na kuimba, isipokuwa mmoja anayeitwa Robi. Mrefu, wa rika langu hivi, ana chekecheo lake pembeni na hakuna anayempelekea maji. Nilimuuliza Mzee Simioni kuna nini.

"Yule si mke na si mjane," akasema. "Mumewe, Nashoni, mwaka jana alikwenda Kerende kuchimba dhahabu kwenye duara, shimo la machimbo la mtu. Duara likatitia. Mwenye duara akakimbia, kifusi hakikufukuliwa. Sasa kaka mtu, Magige, anasema mdogo wake alikuwa ameshatoka, akavuka Sirari, yuko Kenya na mwanamke. Bila maiti hakuna matanga. Wanasubiri."

"Na yeye Robi anasemaje?"

"Anasema yuko chini. Lakini nani atamsikiliza?"

4 Februari

Pango linavuma. Upepo wa mchana ukitoka mbugani, mwamba unatoa sauti kama ya mtu anayeguna huku amefumba mdomo. Wanawake wananyamaza mpaka iishe. Daktari amenionyesha ufa ulio juu ya mwamba na kunieleza jinsi hewa inavyopita. Nimepanda, nimeuziba ufa kwa viganja vyote viwili. Mvumo haukukatika.

Sikumwambia Daktari.

5 Februari

Vigae vingi. Mgongo unauma.

10 Februari

Vigae vimekwisha. Jana kwenye chekecheo vilikuwa kumi na kitu, leo hakuna. Udongo umegeuka rangi, una majivu zaidi, na katikati umetokea utandu wa udongo mweupe kama chokaa. Daktari amepiga magoti juu yake kama anasali.

Wakati wa chakula wanawake waliniuliza mtu anaishije bila chungu. Nikajisahau, nikasimulia habari za Chile. Kwamba kule kwenye pwani ya jangwa, maelfu ya miaka kabla mtu yeyote wa Andes hajafinyanga chungu, waliishi watu wa samaki na chaza. Hawakuwa na mfalme wala shamba la maana. Lakini mtu wao akifa, hasa mtoto, hawakumwacha aende. Walimtoa nyama, wakaifunga mifupa yake kwenye vijiti ili asimame wima, wakamjaza nyasi, wakampaka udongo, wakamtengenezea uso na nywele, wakampaka rangi nyeusi. Kisha wakakaa naye. Miaka. Rangi ikibanduka walimpaka upya. Nimeshika kwa mikono yangu uso mmoja uliopakwa mara nyingi mpaka umekuwa mnene kama ganda la mti.

Wanawake walishika vichwa. Mmoja akasema huo ni uchawi. Robi, ambaye hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu, akauliza kutoka kwenye chekecheo lake:

"Na mdomo? Waliuachaje?"

"Wazi," nikasema.

"Kwa nini wazi?"

"Hatujui."

Akaendelea kuchekecha.

11 Februari

Robi ameuliza vijiti vilikuwa vya mti gani.

13 Februari

Ameuliza udongo ule walichanganya na nini usipasuke. Nilimwambia majivu, na pengine damu ya ndege au mafuta ya samaki. Nilifurahi kuulizwa. Daktari hajawahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

14 Februari

Mvua ya manyunyu, haikulowesha kitu.

15 Februari

Leo Robi hakuuliza kitu. Nimejikuta nikimsogelea nimsubiri.

17 Februari

Amekuja hemani jioni jua likizama, akasimama nje mpaka nikamwita.

"Dada Frida, bila mifupa inawezekana?"

"Inawezekana nini?"

"Ile kazi ya watu wako wa Chile."

Nikacheka. Nikamwambia bila mifupa hilo ni sanamu tu, la kuchezea watoto. Hakucheka. Alinishukuru kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa, akaondoka.

20 Februari

Tumempata.

Chini ya ule utandu mweupe kulikuwa na shimo la mviringo, na ndani yake mtu amekunjwa, magoti kifuani. Nimefanya kazi ya brashi na kijiti cha mwanzi kuanzia asubuhi, nimelala kifudifudi juu ya ubao, uso wangu karibu na uso wake. Mifupa ni laini kama biskuti iliyolowa, isipokuwa taya la chini, ambalo ni gumu na zima, limeng'aa. Mdomo ulikuwa wazi. Ndani ya mdomo walikuwa wamejaza udongo mweupe, wakaushindilia kwa kidole. Alama ya kidole ipo. Niliweka kidole changu cha shahada juu yake bila kugusa, kikalingana.

Nilipoutoa udongo ule mdomoni, upepo wa mchana ulikuwa haujaanza, lakini pango likavuma mara moja, kifupi, kama mtu anayesafisha koo. Wanawake wakatupa machekecheo na kukimbilia nje, juani. Hata Daktari alitazama juu.

Robi peke yake ndiye hakutoka. Alichutama ukingoni mwa shimo.

"Amekosa jino la mbele," akasema.

Nikaangalia. Kweli, chini, upande wa kushoto wa katikati, kuna pengo la zamani ambalo mfupa wake umeshajiziba.

"Watu wa kale wengi walipoteza meno," nikasema.

Alikaa pale mpaka Daktari akamwambia arudi kazini. Alikuwa anatabasamu. Ni mara ya kwanza kumwona akitabasamu, na sikulipenda tabasamu lile, wala sijui kwa nini.

21 Februari

Daktari ana furaha ya mtoto. Mifupa mingine imeoza mno, haitatoa kitu maabara. Taya na meno yake ndiyo yatakayotuambia mtu huyu aliishi lini. Kila kitu tulichokuja kutafuta kimo kwenye taya lile. Ameniagiza nilikaushe polepole kivulini, palepale pangoni, kwenye sanduku la mbao, lisipasuke.

25 Februari

Ule udongo mweupe tuliouweka kwenye ndoo umepungua. Nimewauliza wanawake, wakasema wanaupaka ukutani nyumbani. Sawa.

1 Machi

Robi haji kazini siku ya tatu leo. Mawingu yamejipanga upande wa ziwa.

3 Machi

Taya halipo.

Sanduku lipo, pamba ipo, na pamba ina kitundu cha umbo lake. Pamoja na taya vimekwenda vipande vya fuvu na mfupa mmoja wa mkono. Daktari amepindua kila kitu. Kwanza alisema nyegere. Kisha akasema nyegere hafungi sanduku. Kisha akamgeukia Mzee Simioni, ambaye ndiye analala pangoni, na mzee akaapa kwa watoto wake kwamba alitoka mara moja tu kwenda kufukuza mbuzi. Daktari akapiga simu. Mchana wamekuja askari wawili kwa pikipiki, wakamchukua mzee katikati yao, amevaa kofia yake ya sufu na jua lote lile.

Upepo wa mchana umekuja kama kawaida. Umeinua vumbi, umepeperusha karatasi zangu. Pango halikuvuma. Sote tulisimama tukisubiri, na halikuvuma.

5 Machi



Nilikwenda kwa Robi mchana, peke yangu. Nyumba yake ni ya tofali za udongo na bati, upande wa juu wa zizi. Chini ya zizi ni kwa mama mkwe wake na kwa Magige. Nilipiga hodi.

"Karibu, dada Frida. Nilikutegemea jana."

Alikuwa amenyoa nywele zote. Nikaingia. Macho yalichukua muda kuzoea giza la ndani, kisha nikamwona mwanaume amelala kitandani, amefunikwa blanketi mpaka kifuani.

Nilisema shikamoo. Nakiri hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilimwamkia.

Kisha nikaona uso. Udongo mweupe, laini, umepigwa kwa kiganja mpaka ukang'aa. Nyusi zimechorwa kwa masizi. Nywele ni zake Robi, amezipandikiza kichwani kwa ulimbo wa mti, kipande kwa kipande. Mabega yalikuwa ya vijiti, niliona ncha zake kwenye kola ya shati la kijani. Mdomo ulikuwa wazi, na ndani ya mdomo yakaonekana meno ninayoyajua, pamoja na lile pengo.

Hakuna nilichomwambia ambacho hakukitumia. Nimeona kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani sana, kwenye vioo vya makumbusho upande wa pili wa dunia, na huyu mwanamke ambaye hajafika hata Mwanza amefanya ileile, na ya kwake ilikuwa bora.

"Robi, hii mifupa si ya Nashoni."

"Najua ilikotoka. Nilikuwepo ulipoitoa."

"Basi unajua si yeye."

"Yule wa pangoni alikuwa na jina?"

"Hatujui."

"Kuna mtu anamtafuta?"

Nikayatazama yale meno.

"Mimi namtafuta mtu na sina hata ukucha wake," akasema. "Nimewaambia kuna mchimbaji kaniletea mifupa kutoka kwenye kifusi. Magige hajaamini. Amesema kama ni kweli, mama aone."

Wakati huo upepo wa mchana ukaingia kwa dirisha lisilo na pazia. Na kutoka kitandani nikasikia mvumo. Uleule. Mtu anayeguna. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Huwa anaanza saa hizi," Robi akasema kwa upole, kama mama anayezungumzia mtoto anayesumbua usingizini. "Mwanzoni niliogopa. Sasa nazungumza naye."

"Mzee Simioni yuko mahabusu kwa ajili yako."

Hilo hakulijua. Nilimwona alivyoshtuka, akashika ukingo wa kitanda. 

"Lichukue basi," akasema. "Sitakuzuia."

Nikasogea. Nikapeleka mkono mpaka kwenye kidevu. Udongo ulikuwa na joto. Jua lilikuwa linapiga kitanda, ni hilo tu. Nilikuwa nimeshaweka vidole chini ya taya pale mlango uliposukumwa, akaingia bibi mmoja mdogo, mwenye ukungu machoni, anapapasa na fimbo.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikaondoa mkono.

"Marahaba. Nani huyu?"

"Ni dada wa kule pangoni, mama," Robi akasema.

Mama mkwe alikaa kitandani. Akapapasa blanketi, akapanda kifuani, akafika usoni. Vidole vyake vilipita kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye mashavu, taratibu, kama anachambua mtama. Vikafika mdomoni.

"Nani kamfungua mdomo?"

"Kaufungua mwenyewe, mama."

Bibi akaingiza kidole. Akahesabu meno kwa ncha yake. Kwenye pengo akasimama, na kidole kikatulia pale, na uso wake ukabadilika wote.

"Ng'ombe alimpiga teke hapa," akasema. "Alikuwa anachunga. Alikuja kwangu analia, damu mpaka tumboni." Kisha akapaza sauti kwa Kikurya kuelekea mlangoni, na Robi akanitafsiria ingawa nilielewa: "Anasema ni yeye. Anamwita Magige aje aonyeshe pa kuchimba kaburi."

Nilitoka mikono mitupu. Nyuma yangu kilio kilianza, kilichosubiriwa tangu mwaka jana katika nyumba ile, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakaitikia wakikimbia.

6 Machi

Nimemwambia Daktari kwamba taya na vipande vile nilivipeleka mimi mtoni kuviosha, karai likaniponyoka, na kwamba niliogopa kusema.  Nadhani hakuamini, lakini ni maneno yangu na nimeyasema mbele ya askari. Mzee Simioni amerudi kwa miguu saa kumi. Amepita mbele yangu bila kunisalimia, na ana haki.

Daktari hakunifokea. Alisema, "Kusanya vitu vyako. Jina lako halitakuwemo." Alikuwa anachambua kalamu zake, nyekundu huku, za bluu kule.

9 Machi

Mazishi.

Sikuweza kuondoka Mbalibali kabla. Watu wote wamekuja, hata wale wanawake wa machekecheo, wale ambao hawakumpelekea maji. Sasa wamemshika mkono kila upande. Robi amefungwa kitambaa, amekalishwa kwenye mkeka wa mjane, na watu wanainama kumpa pole. Ameketi kama mtu aliyevuka mto na kufika ng'ambo.

Daktari Werema naye alikuja, kama jirani yeyote mwenye adabu. Alivua kofia, akapita mbele ya sanduku lililofungwa, akasimama hatua moja kutoka kwenye kitu kilichomvunja moyo, akasema, "Poleni sana," akaenda kukaa na wazee. Nilikuwa na hamu ya kucheka na nikang'ata ulimi.

Magige alikuwa amechimba kaburi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Ni mtu mkubwa, mwenye sura iliyokunjamana. Nilimwona akilitazama sanduku kwa macho ya mtu anayetaka kuuliza kitu na hathubutu mbele ya mama yake.

Sanduku lilipokuwa linashushwa, upepo wa mchana ukaja. Mchungaji alikuwa anaomba, tumeinama. Mvumo ukatoka shimoni, mrefu, mzito. Mchungaji alinyamaza. Walioshika kamba walisimama, wametumbua macho, na sanduku likabaki limening'inia.

"Shusheni," akasema bibi kipofu. "Ni pumzi ya mwisho tu. Hakuipata kule Kerende."

Wakashusha. Udongo wa kwanza ukaanguka na matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, ya moto. Tulimaliza kufukia tukiwa tumelowa.

14 Machi, Mugumu

Mvua. Mama ananiuliza nimerudi kwa nini mapema. Namwambia mvua.

22 Machi

Mvua.

30 Machi

Mwenzangu wa kambini amenitumia ujumbe: maji yameingia pangoni, jambo ambalo Daktari alidhani haliwezekani. Mashimo yamejaa. Wamefunga msimu bila tarehe.

Usiku huu nimejaribu kuukumbuka uso wa mtu wa pangoni nilivyomwona siku ya kwanza, kabla. Siuoni. Kila nikijaribu naona nyusi za masizi na shati la kijani.

6 Aprili

Mvua. Nimeomba kazi ya kufundisha.

11 Aprili

Robi amepiga simu. Kule Kerende mlima wa kifusi umeteremka na maji, na lile duara limefunguka. Kuna mtu ametokea. Mwenyekiti wa kijiji amewaambia wao wenye mtu aliyepotea pale waende hospitali wakamtazame, Tarime.

"Mmeshazika," nikasema.

"Niliwaambia hivyo. Wanasema ni utaratibu. Dada, njoo nami. Wewe unajua mifupa."

12 Aprili

Tulikuwa watatu: Robi, Magige, na mimi.  Robi amenenepa kidogo, ana afya. Alinieleza kwamba mama mkwe sasa anakaa kaburini kila mchana na kiti chake, anampa Nashoni habari za ng'ombe. Kwamba ameanza kula vizuri. Kwamba wifi zake wanampa maziwa bila kuomba. Alinieleza hayo kama mtu anayenionyesha picha za watoto.

Chumba cha maiti kiko nyuma, kina harufu ya dawa na ya matope. Askari alikuwa na karatasi zake. Mhudumu alitukalisha, akatuonya kwamba kichwa kimepondwa na mawe, hatakifunua. Akafunua chini.

Mabuti ya mpira. Soksi moja. Suruali ambayo haina rangi tena. Mfupa wa muundi ulionekana, nami bila kutaka niliusoma: mwanaume, mrefu, si mzee. Buti la kulia lilikuwa limepasuka ubavuni, na juu ya mpasuko limebandikwa kiraka cha mpira wa baiskeli, kimeshonwa kwa waya kwa mishono mikubwa isiyo na ufundi.

Magige alinyoosha mkono. Alikigusa kiraka kwa dole gumba, akaufuata mshono mpaka mwisho, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. Mdomo wake ukafunguka.

"Si yeye," akasema Robi.

Askari akamgeukia. "Una uhakika, mama?"

"Mume wangu nimemzika. Kijiji kizima kilikuwepo."

"Na wewe, kaka wa marehemu?"

Mvua ilipiga bati. Magige alikuwa bado ameshika buti. Nilijua anachokiona: mama yake kwenye kiti kando ya kaburi, anazungumza, na yeye akienda kumwambia amekuwa akizungumza na nani. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi usoni, na nikaelewa kwamba alijua tangu siku ile alipochimba peke yake.

"Si yeye," akasema.

"Tunaweza kupeleka vinasaba," askari akasema. "Inachukua muda, lakini..."

"Vya nini?" akasema Robi. "Tumeshakuambia hatumjui."

Askari aliandika. Magige alitoka nje, akakaa kwenye benchi mvuani, ingawa paa lilikuwepo, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika.

Nilimshika Robi kiwiko koridoni.

"Robi. Umemwona."

"Nimemwona."

"Na unajua."

Alinitazama kwa huruma, hiyo ndiyo siwezi kuisahau, kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Dada Frida, wangu nikimwita ananiitikia. Tangu siku ya kwanza. Huyu nimemwita hapa moyoni mara tatu, kimya." Akajifunga kanga vizuri. "Twende, mama mkwe yuko peke yake na mvua hii."

16 Aprili, Tarime

Sikurudi nao. Nililala kwa rafiki siku hizi, nikauliza wasio na jina wanazikwa lini, wakaniambia leo.

Walikuja vijana wawili wa halmashauri na toroli. Hakukuwa na mchungaji. Shimo lilikuwa na maji chini, wakayachota kwa ndoo iliyotoboka, wakachoka, wakamshusha hivyo hivyo. Nilisimama chini ya mwavuli. Nilisubiri upepo, na ulipokuja ulipita juu ya majani, ukaenda, na hakuna kilichosikika.

Mmoja wa wale vijana alikuwa na kipande cha ubao na kopo la rangi. Alinitazama, akaona nimelia.

"Samahani, dada. Kama unamfahamu, tuambie jina tuandike. Hatuulizi mambo mengine."

Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Nililisikia uzito wake kwenye ulimi. Nikamwona bibi yule kwenye kiti chake, na Magige, na Robi kwenye mkeka.

"Simfahamu," nikasema.

Kijana akafunika kopo.